Mtoto wa Mchezaji

Mtoto wa ndugu yangu ameitwa kwenye kikosi cha vijana, na tangu siku hiyo mtaani kwetu Mombasa hakukaliki. Babake alikuwa winga wa sifa enzi zake, wazee bado wanamtaja, na kwa sababu hiyo kila akaaye barazani ana hakika kwamba kijana amebebwa. Wako wanaonong'ona, na wako wanaosema waziwazi mama yake akipita na kikapu cha sokoni. Ndugu yangu alinipigia simu usiku, sauti imemkauka kwa hasira, akitaka mimi dada yake mkubwa niseme neno. Nilimsikiliza mpaka akachoka. Alipokata simu sikulala. Kumbukumbu zilinijia mfululizo, na karibu zote zilikuwa za Dublin, za mchezo ambao wasomaji wengi wa Kiswahili hawajapata kuuona: mpira wa miguu wa Kigaeli.

Mimi ni muuguzi. Nilikwenda Ireland miaka ile ambapo hospitali za kule zilikuwa zikitafuta wauguzi kutoka kila pembe ya dunia. Nikapanga nyumba upande wa kaskazini wa Dublin, na mwanangu akanifuata akiwa bado mdogo wa kushikwa mkono barabarani. Shule nilimpatia mapema. Kilichonitatiza ni mahali pa kumpeleka Jumamosi asubuhi akakimbie, kwa sababu nyumba zenyewe zilikuwa ndogo na mvua haikuwa na msimu. Kiwanja kilichokuwa karibu nasi hakikuwa cha soka. Milingoti ya goli ilipanda juu kupita mtambaapanya, kama ya raga, lakini chini yake palikuwa na nyavu.

Mchezo wenyewe una wachezaji 15 kila upande na mpira wa duara. Mtu anaruhusiwa kuudaka na kukimbia nao hatua nne, kisha lazima audundishe chini au augonge kwa mguu wake mwenyewe urudi mkononi, ndipo aendelee. Pasi hutolewa kwa teke au kwa kuupiga mpira kwa mkono. Miaka ile mpira uliopita juu ya mtambaapanya ulikuwa pointi moja popote ulipopigwa. Ukiingia wavuni ni goli, nalo lina thamani ya pointi 3. Ndiyo maana matokeo huandikwa kwa tarakimu mbili: 1-17 ni goli moja na pointi 17, jumla 20. Chama kinachousimamia, GAA, kiliasisiwa tarehe 1 Novemba 1884 katika hoteli moja ya mji wa Thurles, na mpaka leo hakilipi mchezaji mshahara. Nyota anayeshangiliwa Jumapili na watu zaidi ya 80,000 katika uwanja wa Croke Park, Jumatatu asubuhi yuko darasani anafundisha, au benki, au shambani kwao na ng'ombe.

Jambo jingine lilinichukua muda kulielewa. Mchezaji wa Kigaeli hanunuliwi. Anachezea klabu ya mahali alipokulia, na akiwa hodari anachezea kaunti yake. Hakuna timu ya mji wa mbali itakayokuja na fedha kumchukua. Kwa hiyo mtoto wa mchezaji hukulia katika klabu ileile ya babake, huvaa rangi zilezile, hubadilisha nguo katika chumba kilekile. Picha ya babake imetundikwa ukutani, na yeye anafunga kamba za njumu chini yake. Kwetu nyayo za mzazi katika mchezo ni msemo tu. Kule zimo katika majani yaleyale.

Siku ya kwanza nilipompeleka mwanangu, mzee mmoja aliyekuwa akipanga koni uwanjani aliniuliza, kwa upole kabisa, baba wa mtoto alichezea klabu gani. Nilikuja kujua kwamba kila mzazi mgeni huulizwa hivyo, awe ametoka Cork au Mombasa. Nikamwambia mwanangu hana babake hapa, ila babu yake mzaa mama alicheza soka katika uwanja wa Tononoka mpaka goti likamkataa. Mzee aliitikia kwa kichwa kwa heshima, kisha akanieleza kitu ambacho sikukitarajia. Katika ujana wake mwanachama wa GAA aliyeonekana akicheza soka, au hata akitazama tu, alifukuzwa chamani. Soka ilihesabiwa mchezo wa mtawala Mwingereza. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1971. Kaka yake mwenyewe, alisema, alikuwa akicheza soka kwa jina la kubuni, na mama yao akifua jezi mbili zilizotakiwa zisionane kwenye kamba moja.

Nilimpenda mzee yule kuanzia siku hiyo. Aliposema "karibuni," hakuwa mtu aliyesahau jinsi mlango unavyoweza kufungwa. Mwanangu alipewa jezi kubwa iliyomfika magotini, akaingia kundini. Na mimi, niliyedhani nimepeleka mtoto kucheza, kabla ya majira ya baridi kwisha nilikuwa nakata machungwa, nafua jezi za timu nzima kwa zamu, na kuwasafirisha watoto wa watu kwenye gari langu dogo. Kule hakuna anayelipwa, na kwa hiyo hakuna anayesamehewa kazi. Mtoto anayekua akimwona mzazi wake akichora mistari ya uwanja kwa chokaa usiku wa Ijumaa hurithi chokaa ile kwanza. Mpira huja baadaye.

Wodini nilikuwa na mwenzangu kutoka kaunti ya Mayo, magharibi ya nchi. Alinizidi umri na alinizidi maneno. Kwa miezi mingi sikujua kwamba alikuwa mchezaji. Nilimjua kama mtu anayeweza kumgeuza mgonjwa mzito kitandani peke yake bila kumuumiza, nikadhani ni nguvu za shamba. Usiku mmoja, wodi imetulia, aliniambia alivaa jezi ya kaunti yake zamani, kabla Mayo ya wanawake haijatwaa chochote.

Chama cha mpira wa Kigaeli wa wanawake kilianzishwa mwaka 1974, miaka 90 baada ya kile cha wanaume, katika mji uleule wa Thurles. Alinisimulia maisha ya wachezaji wa wakati wake: kupewa kiwanja wanaume wakishamaliza, giza likiwa limeanza kuingia, kuvaa jezi zilizokuwa za wavulana, pana mabegani, kujilipia nauli. Mamake hakuwahi kuja kumtazama hata mara moja. Hakumkataza, ila hakuona kuna nini cha kutazama. Kwa mwenzangu hapakuwa na nyayo za kufuata. Alikata majani mwenyewe.

Kisha akazaa binti, na binti akapenda mpira.

Nilibahatika kuwaona wote wawili pamoja mara kadhaa, binti alipokuwa akija Dublin na timu yake ya vijana. Wazazi wengine walisimama kwenye mstari wa pembeni wakipiga kelele, wengine wakielekeza kila pasi. Mwenzangu alikwenda kusimama peke yake nyuma ya goli la upande wa pili, mbali, mikono mfukoni, mdomo umefungwa. Mtu asiyemjua angedhani hana mtoto pale. Nilimuuliza kwa nini, naye ndiye anayeujua mchezo kuliko wote waliokuwa wakipayuka. Akasema: "Akisikia sauti yangu atacheza kwa ajili yangu. Nataka acheze kwa ajili ya yule aliye mbele yake."

Neno hilo nimelitafakari sana. Mzazi aliyecheza ana maarifa ambayo hakuna kocha aliye nayo kuhusu mtoto yule mmoja. Anajua mwili wake, anajua woga wake unaanzia wapi, kwa sababu mara nyingi ni woga wake mwenyewe. Na maarifa hayohayo yanaweza kumziba mtoto pumzi. Mwenzangu aliyatumia nyumbani, jikoni, siku mbili baada ya mechi, binti mwenyewe akianza kuuliza. Uwanjani aliyaacha garini pamoja na koti.

Septemba 2017 ndiyo iliyonifundisha zaidi, na naomba nikae hapo kidogo.

Fainali ya wanaume mwaka ule ilikuwa Dublin na Mayo, tarehe 17. Ili msomaji ajue uzito wake: wanaume wa Mayo hawajatwaa Kombe la Sam Maguire, kombe la ubingwa wa Ireland, tangu mwaka 1951. Kuna hadithi kwamba padri mmoja aliwalaani wachezaji waliporudi na kombe wakipita kwa shangwe mbele ya mazishi pale Foxford. Laana au la, wamecheza fainali baada ya fainali wakashindwa. Mwaka 2013 Dublin waliwashinda kwa pointi moja. Mwaka 2016 walitoka sare, wakarudiana, Dublin wakashinda kwa pointi moja. Mwenzangu alikwenda uwanjani na babake, mzee aliyekuwa mtoto mdogo mwaka 1951, na binti yake. Vizazi vitatu ndani ya jezi za kijani na nyekundu. Mimi nilikuwa zamu. Nilitazama kwenye televisheni ya chumba cha wagonjwa, nimezungukwa na wazee wa Dublin waliosahau maumivu yao yote.

Mechi ilikwenda bega kwa bega mpaka dakika za majeruhi, sare. Mayo walipata mpira wa adhabu, ukagonga mlingoti. Halafu Dublin wakapata wa kwao, na aliyeuweka chini alikuwa Dean Rock. Wazee waliokuwa chumbani hawakusema "Dean." Walisema "mtoto wa Barney." Barney Rock alicheza fainali ya mwaka 1983 ambayo Dublin waliimaliza wakiwa watu 12 uwanjani na bado wakaishinda Galway, na goli la Dublin siku ile alilifunga yeye, kwa mpira wa mbali uliompita kipa aliyekuwa ametoka langoni. Baba na mwana wote wa klabu moja, Ballymun Kickhams, wote wapigaji wa mipira ya adhabu. Dean akajiandaa, akavuta pumzi, akaanza kukimbia. Mchezaji mmoja wa Mayo alirusha kifaa chake cha kupimia mwendo kimpite mbele ya macho ili kumtoa makini. Hakutetereka. Mpira ukapita katikati ya milingoti. Dublin 1-17, Mayo 1-16. Pointi moja tena.

Pale chumbani mzee mmoja alilia, na aliyekuwa akimlilia ni Barney. Hapo nikaona kitu ambacho barazani kwetu hatukisemi. Sisi tunadhani jina la baba ni ngazi. Kijana yule alikuwa na watu zaidi ya 82,000 mbele yake, na katika kila kumi wapo waliomwona babake akipiga, wakimpima kwa mpira ambao yeye hakuuona kwa sababu alikuwa hajazaliwa. Angekosa, wasingesema Dean amekosa. Wangesema mtoto wa Barney si Barney. Jina lingekuwa limempa nini pale? Mpira wa adhabu haujui ukoo wa anayeupiga. Kilichomvusha ni maelfu ya mipira aliyoipiga peke yake kwenye baridi, na sina shaka kwamba kukulia nyumba ya mpigaji kulimfundisha kuwa mipira hiyo ni lazima ipigwe. Urithi upo. Ila ni urithi wa kujua gharama.

Katika mechi hiyohiyo, dakika za mwanzo kabisa, Jack McCaffrey wa Dublin alianguka akishika goti. Kano zilikuwa zimekatika. Alikuwa kijana mwenye mbio za kutisha, Mchezaji Bora wa mwaka 2015, ambaye mwaka uliofuata aliwaaga Dublin na kusafiri Afrika, jambo ambalo mchezaji anayelipwa asingethubutu. Babake, Noel McCaffrey, aliichezea Dublin miaka ya 1980, na klabu yao wote wawili ni Clontarf, ile ya ufukweni. Noel ni daktari. Jack naye alisomea udaktari. Kama muuguzi jambo hilo lilinigusa: mtoto hakufuata uwanjani tu, alifuata hata wodini. Nilimwona akitolewa nje, nikawaza babake yuko wapi katika kundi lile, daktari wa michezo anayejua kwa kutazama mara moja ni nini kimetokea kwenye goti la mwanawe na ni miezi mingapi ya kujikongoja inayomngoja.

Jumapili iliyofuata, tarehe 24, ikawa fainali ya wanawake, na ikawa tena Dublin na Mayo. Safari hii sikuwa zamu. Nilikwenda na mwenzangu na binti yake, na mwanangu akaja akiwa amevaa bluu ya Dublin, jambo lililoleta utani mkali ndani ya gari. Tuliingia Croke Park kupitia upande wa jukwaa la Hogan. Mwenzangu alimweleza mwanangu Hogan ni nani: Michael Hogan, mchezaji wa Tipperary, aliyepigwa risasi na askari wa Kiingereza akiwa uwanjani hapohapo tarehe 21 Novemba 1920, siku ambayo watu 14 waliuawa pale. Mwanangu aliuliza kama alikuwa na mtoto. Swali la mtoto aliyekulia mahali ambapo kila mchezaji ni mtoto wa fulani.

Watu waliofika siku ile walikuwa 46,286. Nilimtazama mwenzangu wakati namba ile inatangazwa. Yeye aliyecheza giza likiingia, mbele ya ndugu wa wachezaji na mbwa wa mwenye shamba. Hakusema kitu. Alimshika binti yake begani, akamsukuma mbele kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuona.

Mayo walikuwa na Cora Staunton, ambaye aliingia timu ya wakubwa ya kaunti akiwa na miaka 13. Mamake alifariki mwaka 1998, Cora akiwa bado msichana. Mwaka uliofuata Mayo walitwaa kombe lao la kwanza, na baadaye wakaongeza mengine matatu. Siku ile ya 2017 ndiyo iliyokuwa fainali yake ya mwisho. Alipambana, lakini Dublin walikuwa wameshindwa fainali tatu mfululizo na hawakukusudia ya nne. Kuelekea mwisho akaingia mchezaji wa akiba, akafunga magoli mawili. Jina lake Sarah McCaffrey. Dada yake Jack. Binti wa Noel. Dublin 4-11, Mayo 0-11.

Fikiria nyumba ile katika wiki moja. Jumapili hii mwana anatolewa na goti lililokatika, Jumapili inayofuata binti anaingia kutoka benchi na kufunga mawili uwanja uleule. Hakuna mzazi anayeweza kupanga kitu kama hicho, na hakuna anayeweza kukizuia. Na nilipokuwa nikitoka uwanjani, nikiwa katikati ya mwanangu aliyefurahi na watu wawili wa Mayo walionyamaza, nilikuwa nawaza kwamba Sarah alikaa benchi karibu mechi nzima. Kama jina la McCaffrey lingekuwa linapanga timu, angeanza.

Nisije nikaonekana nasema kule ni peponi. Minong'ono ipo. Msimu mmoja kocha wa timu ya umri wa mwanangu alikuwa baba wa kijana aliyepangwa katikati kila mechi. Wazazi walilalamika sehemu ya kuegesha magari, kila mmoja akiwa na mwanawe aliyestahili zaidi. Siku moja kabla ya mechi ya kombe, kocha yule aliwaambia makocha wenzake wawili wapange timu, yeye akatoka nje ya chumba. Walimweka mwanawe benchi. Kijana aliingia kipindi cha pili akacheza vizuri, na babake hakumpongeza hata kwa kumtupia jicho, ilhali wenzake aliwakumbatia. Nikarudi nyumbani na huzuni. Niliona kwamba mtoto wa kocha mara nyingi hulipa mara mbili: watu humwona amependelewa, na babake, kwa kuogopa watu, humnyima hata haki yake. Kutoka chumbani lilikuwa jambo jema sana. Kumnyima mtoto tabasamu halikumsaidia mtu yeyote pale.

Wapo pia watoto ambao hawana wa kumfuata, na mwanangu alikuwa mmoja wao. Aliwapenda wachezaji wa namna hiyo kuliko wote. Ukutani kwake alikuwa na picha ya Jason Sherlock, aliyelelewa na mamake Mwairishi, babake akiwa mtu wa Hong Kong. Mwaka 1995 Sherlock alifunga goli dhidi ya Laois mguu ukiwa hauna kiatu, kilikuwa kimemvuka, na mwaka ule Dublin wakatwaa kombe. Alitukanwa sana kwa sura yake na hakuacha. Baadaye mwanangu alifuatilia habari za Boidu Sayeh, aliyezaliwa Liberia na kuichezea Westmeath, waliotwaa Kombe la Tailteann, la daraja la pili, mwaka 2022. Vijana hawa hawakukuta picha ya baba ukutani. Walikuta mzee wa koni. Kila klabu iliyo hai ina mtu wa namna ile, anayemchukua mtoto asiye na ukoo wa mchezo na kumwambia njia inaanzia hapa. Bila yeye, mchezo unaorithiwa nyumba kwa nyumba ungekufa au ungekuwa mali ya familia chache. Nadhani hilo ndilo tulilolikosa kwetu kuliko kukosa vipaji.

Wagonjwa wengi walikuwa wakiniuliza kama namfahamu Victor Wanyama, mwanasoka wetu wa Kenya. Waairishi wengi wanaipenda Celtic ya Glasgow, kwa kuwa aliyeianzisha alikuwa bruda wa Kiairishi kutoka Sligo, na Wanyama aliifungia Celtic kwa kichwa walipowashinda Barcelona mwaka 2012. Nikiwaambia kwamba babake, Noah Wanyama, alichezea AFC Leopards, na kwamba kaka yake McDonald Mariga alikuwa Inter Milan, walitikisa vichwa kwa kuridhika, kana kwamba nimewapa maelezo kamili. Hakuna aliyeuliza kama walibebwa. Lakini nilipokuwa nikisimulia hivyo nilijua pia kwamba Nairobi na Mombasa swali hilo lingeulizwa, na si kwa roho mbaya. Kwetu nafasi moja katika kikosi inaweza kuwa karo ya shule, safari, mshahara, nyumba ya mama. Penye mkate, watu huhesabu mikono. Kule Dublin jezi ya kaunti haimpi mtu mkate, kwa hiyo mtoto wa mchezaji akiitwa, jirani hupata wa kumshangilia na hapotezi kitu.

Hayo nilimwambia ndugu yangu nilipompigia asubuhi. Nilimwambia asiwakasirikie watu wa baraza. Watoto wao wamekosa nafasi ya kweli, na wana haki ya kuuliza ilipatikanaje. Nikamshauri awaombe wanaochagua timu wafanye majaribio hadharani, kila mzazi aone, na yeye mwenyewe siku hiyo asifike. Hilo la mwisho lilimuuma. Amezoea kusimama mstarini akimwelekeza kijana kila mpira, na sauti yake inasikika mpaka barabarani. Aliniambia, "Dada, mimi ndiye niliyemfundisha." Ni kweli. Nikamwambia juu ya mwanamke wa Mayo nyuma ya goli. Hakujibu kwa muda, kisha akauliza kama majaribio yanaweza kufanyika Tononoka, kwa sababu pale ni karibu na kwa kila mtu.

Kipo kisa kimoja nilichokiona nikiwa nimesharudi nyumbani, kwenye simu, umeme umekatika. Julai 28, 2024, Armagh waliishinda Galway 1-11 kwa 0-13 wakatwaa Kombe la Sam Maguire kwa mara ya pili katika historia yao. Rais wa GAA wakati huo, ambaye kazi yake ni kukabidhi kombe, alikuwa Jarlath Burns. Yeye mwenyewe aliiongoza Armagh kama nahodha walipotwaa ubingwa wa jimbo la Ulster mwaka 1999, akaacha kucheza, na kombe kubwa likaja mwaka 2002 bila yeye. Katika kikosi cha 2024 alikuwemo mwanawe, Jarly Óg. Burns alilinyanyua kombe alilolikosa maisha yake yote, akamkabidhi nahodha, Aidan Forker, akasogea kando. Mwanawe alikuwa katika safu na wenzake, akingoja zamu yake ya kulishika.

Nilimpigia mwenzangu wa Mayo jioni ile, nikidhani tutazungumza juu ya Burns. Mayo walikuwa wameshatolewa na Derry kwa penalti tangu Juni, na hakutaka kusikia habari za kombe la mtu mwingine. Alitaka kunieleza kwamba binti yake ameumia kisigino na anang'ang'ania kurudi mazoezini mapema mno. Nilisema apumzishwe wiki sita. Akasema nne zinatosha, yeye mwenyewe enzi zake alirudi baada ya mbili. Nikamkumbusha kwamba mpaka leo anachechemea akipanda ngazi, na tukabishana hivyo mpaka salio langu likaisha.